Wiki ya 7 tangu operesheni ya bega, pumzi inakata na kila kipimo "kiko sawa"

bega_la_kulia:
Habarini wakuu, naombeni mawazo maana nimechoka kuambiwa nina wasiwasi. Nilifanyiwa operesheni ya bega la kulia, kano zilichanika, na hii ni wiki ya 7. Bega lenyewe halina neno, linapona vizuri tu. Shida ni pumzi. Tangu nilipozinduka pale kitandani nilihisi kama kuna mtu kanikalia kifuani upande mmoja, wakasema ni dawa ya ganzi itaisha, nikasema sawa, ila haijaisha mpaka leo. Ngazi za ghorofa moja nasimama katikati najifanya nasoma meseji ili watu wasione ninavyohema. Nikiinama kufunga kamba za viatu ndo balaa kabisa, halafu usiku nikilala chali naona kama nazama, kwa hiyo nalala na mito 3 nimeegemea kama abiria wa safari ya mbali.

Vipimo: oksijeni ya kidoleni 97, presha iko poa, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) haina kitu, damu haijapungua, eksirei wakasema mapafu masafi. Wiki ya 2 nilipigwa na skani ya kifua kutafuta bonge la damu, hawakuliona. Mwisho wa yote nikaandikiwa vidonge vya usingizi nipunguze stresi. Sijavimeza bado. Umri 44, sivuti sigara, sina pumu, na kabla ya hapa nilikuwa mtu wa kuogelea kila wiki. Aliyewahi kupitia hii kitu, ulifanyaje?

kichwangumu:
Pole mkuu. Mimi ilinitokea baada ya kutolewa nyongo, na kwangu mimi kweli ilikuwa hofu. Kidonda kilikuwa kinauma nikawa naogopa kuvuta pumzi ndefu, napumua juu juu kwa mabega, mwili ukazoea hivyo hivyo hata maumivu yalipokwisha. Mtu wa fizio (tiba ya mazoezi) akanifundisha upya kupumua kwa tumbo, mwezi na nusu hivi nikawa freshi. Kwa hiyo usidharau ukiambiwa wasiwasi.

zamu_ya_usiku:
@bega_la_kulia pole sana ndugu. Mimi ni nesi, sio daktari wako na sijakuona, kwa hiyo chukua haya kama maneno ya jirani.

La kwanza kabla ya yote. Hatari ya damu kuganda haiishi siku ya kutoka wodini, inaweza kukufuata mpaka miezi 3 hivi baada ya operesheni, na skani ya wiki ya 2 haisemi chochote kuhusu wiki ya 7. Pumzi ikibana ghafla kuliko ilivyozoea, au kifua kikachoma ukivuta hewa, au ukakohoa damu, au mguu mmoja ukavimba na kuuma kwenye kigimbi, au ukahisi unazimia, nenda emajensi saa hiyo hiyo. Usije humu kutuuliza.

La pili, umefanya vyema kutomeza hivyo vidonge. Dawa nyingi za usingizi zinalegeza upumuaji, na mtu anayeshindwa kulala chali kwa sababu ya pumzi hapewi kitu cha hivyo kabla sababu haijajulikana. Rudi umwambie hivyo hivyo aliyekuandikia.

Sasa swali langu: ganzi walikuchoma wapi? Kuna sindano ya shingoni?

bega_la_kulia:
Ndiyo! Shingoni upande wa kulia, nililala usingizi kabisa lakini kabla ya hapo walinichoma hiyo, mkono mzima ulikuwa kama gogo mpaka kesho yake. Na sasa umenikumbusha, siku ile sauti ilikauka na kope la jicho la kulia likalegea, yakaisha yenyewe usiku. Kuna uhusiano?

pumzi_nusu:
Nilikuwa napita tu ila hapa lazima niandike, maana hiyo stori ni yangu tupu, tofauti ni bega la kushoto.

Ile sindano inalenga neva za mkono, lakini jirani yake kabisa inapita neva ya freniki, ndiyo inayoendesha diaframu. Inatoka shingoni, pingili ya 3 mpaka ya 5, inashuka mpaka chini ya mapafu. Dawa ikisambaa inailaza nayo. Hiyo ni kawaida sana, wengi wanaochomwa pale nusu ya diaframu inalala kwa masaa kadhaa na hata hawajui. Kope na sauti ni mambo hayo hayo, neva za jirani zimelewa. Kwa wachache sana neva ya freniki inaumia na haiamki dawa ikiisha. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Diaframu ni ule msuli kama kawa uliotenganisha kifua na tumbo. Ukisimama, tumbo linavutwa chini na nusu iliyo nzima inakutosha, ndo maana kidole kinasoma 97. Ukilala au ukiinama tumbo linapanda na ile nusu iliyolala haina nguvu ya kulizuia. Hapo ndipo kamba za viatu zinapokutoa jasho.

Ombi moja: kaitafute ripoti ya eksirei, ile karatasi yenyewe, usome walichoandika kuhusu diaframu. Maana "mapafu masafi" ni jibu la swali jingine.

bega_la_kulia:
Nimeipata. Mstari wa mwisho kabisa: "kuba ya kulia ya diaframu imeinuka kiasi". Hakuna aliyenisomea huo mstari aisee.

zamu_ya_usiku:
Sishangai. Upande wa kulia kikawaida unakaa juu kidogo kuliko wa kushoto, ini liko chini yake, kwa hiyo mtu akiona umeinuka anapita tu. Ingekuwa kushoto wangeshtuka. Kama ipo eksirei ya kabla ya operesheni waombe walinganishe.

Halafu omba vipimo viwili. Kimoja ni kupuliza kwenye spiromita, kile kifaa cha kupima hewa ya mapafu, ukiwa umekaa kisha ukiwa umelala, kwa mtu mzima wa afya tofauti huwa chini ya asilimia 10 hivi. Cha pili ni kuitazama diaframu kwa altrasaundi au eksirei ya video huku unavuta hewa puani ghafla kama unanusa. Nusu nzima inashuka, iliyopooza inapanda. Moyo nao wakuangalie kwa eko (altrasaundi ya moyo), kushindwa kulala chali kunaweza kutoka huko pia.

kichwangumu:
Basi mimi nafuta kauli kwa upande wako mkuu 😅

bega_la_kulia:
@pumzi_nusu wewe ilirudi? Na siku kwa siku unaishije?

pumzi_nusu:
Ilirudi sehemu kubwa, miezi 14. Neva inaota kama milimita 1 kwa siku, na hiyo ni ndefu, hesabu mwenyewe. Wengine hairudi, wanashonwa diaframu iwe imekazwa isipande, lakini hawakimbilii huko mapema.

Siku kwa siku: kitanda kiinue upande wa kichwa, ni bora kuliko mito inayoteleza saa 9 usiku. Usile ukashiba sana halafu ukalala. Pumzi ikikata egemea mezani kwa viwiko, toa hewa taratibu kwa midomo uliyoibana kama unapuliza mshumaa bila kuuzima. Feni ndogo ya mkononi ikupulize usoni, mimi niliona ni upuuzi mpaka nilipojaribu. Mazoezi ya misuli ya pumzi fanya na mtu wa fizio usijitungie. Na kuogelea ACHA kwanza, maji yakifika kifuani yanasukuma tumbo juu, mimi nilikaribia kujiaibisha kwenye maji ya kusimama.

bega_la_kulia (wiki 3 baadaye):
Nimerudi kutoa mrejesho. Eko ya moyo safi. Spiromita nimekaa lita 2.9, nimelala 2.2. Altrasaundi nimeiona kwa macho yangu, nikinusa kushoto inashuka na kulia inapanda, kama watu wawili wanaobishana. Aliyenipima akamwita mke wangu aje aone, maana naye alishaanza kuamini ni stresi. Wamesema tusubiri, napimwa tena baada ya miezi 6, fizio nimeanza, vidonge nimerudisha. Hofu imepungua sana japo pumzi ni ile ile. Viatu vya kamba nimevipa likizo.