Tupeane uzoefu: Meseji zako umemkabidhi nani?

Mweka Hazina: Wakuu, habari. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina watu 30. Nani kakopa, kiasi gani, ana shida gani, yote yanapita kwenye meseji. Nataka tuhamie mahali pa kuaminika. Mmetumia nini, na yaliwakuta yapi?

Baharia77: Telegram. Kundi linabeba watu laki mbili, na ukipoteza simu unaingia kwa nyingine unakuta kila kitu.

Fundi wa Kariakoo: Unakuta kila kitu kwa sababu kimekaa kwao! Kule ni mazungumzo ya siri ya watu wawili tu ndiyo yanafungwa mwisho hadi mwisho, yaani anayetuma na anayepokea tu ndio wanaoweza kusoma. Makundi hayafungwi hivyo kabisa.

Baharia77: Na WhatsApp si ya Facebook tangu 2014?

Fundi wa Kariakoo: Ndiyo, na wanajua nani kamwandikia nani, saa ngapi. Ila maneno yenyewe hawayasomi, yamefungwa mwisho hadi mwisho.

Mama Wawili: Jamani, mmenikumbusha. Nilikwenda stesheneri kuchapa mkataba wa kiwanja, kijana akasema niskani tu WhatsApp kwenye kompyuta yake. Nikachapa, nikalipa, nikaondoka bila kuifunga. Wiki tatu baadaye shemeji ananipigia: majibu ya hospitali ya mama mbona yako mtaani? Nilikuwa nimemwandikia dada yangu peke yake, usiku. Nikamwona yeye ndiye msaliti. Miezi miwili hatusalimiani. Mpwa wangu ndiye aliyefungua vifaa vilivyounganishwa, tukaikuta ile kompyuta, imetumika asubuhi ileile. Na mama alishajua kwamba mtaa mzima unajua.

Kibibi: Pole sana dada. Nimekagua yangu sasa hivi, nimekuta ya ofisi niliyoacha kazi.

Fundi wa Kariakoo: Pole mama. Hapo hata Signal, programu ya meseji inayosifiwa kwa usiri, isingekuokoa.

Mpemba Ughaibuni: Bado nasema Signal. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliwadai taarifa za mtu, walichokuwa nacho ni siku aliyojiunga na siku ya mwisho kuunganishwa, basi.

Baharia77: Inataka namba, na laini zetu ni za alama za vidole. Afadhali Threema, haidai namba.

Kibibi: Ya kulipia? Watu 30?

Mpemba Ughaibuni: Ukipewa programu ya bure, uliza kwanza bili yake analipa nani.

Mweka Hazina: Mama Wawili, na dada yako?

Mama Wawili: Nilikwenda kwake na mpwa, nikampa simu aone mwenyewe. Alilia kabla yangu.