Tupeane uzoefu: mliokulia Uingereza ya mgao wa chakula na makaa ya mawe

Kea wa Bradford (mtoa mada)
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Nafanya kea, yaani mtunza wazee, kwenye nyumba ya wazee huku Yorkshire. Nina mzee wangu mmoja, mzaliwa wa Burnley 1941. Siku ya kuoga hataki nimfungulie maji mapya. Anauliza nani ametangulia. Mwanzo nikajua kichwa kimechoka. Kumbe kwao walikuwa watoto watano, na beseni la bati lilitundikwa kwenye msumari uani. Ijumaa linaingizwa mbele ya moto, baba anaanza, wakubwa wanafuata, yeye kitinda mimba anaingia maji yameshakuwa rangi ya chai. Nani achemshe mara mbili, na makaa ya mawe yalivyokuwa adimu?

Nilikuja huku nikiamini hawa walizaliwa na bomba la maji moto mkononi. Humu kuna waliokulia huku miaka ile baada ya vita? Leteni.

Bibi wa Marangu
Marahaba mwanangu. Nimezaliwa Blackburn 1946, nikaja Tanzania kufundisha, nikaolewa Marangu. Mzee wako anasema kweli, ila kakuficha habari ya choo. Kilikuwa mwisho wa ua, na kazi yangu ilikuwa kukata magazeti vipande na kuvitunga kwenye uzi. Habari za dunia nilizisoma nusu nusu.

Mama alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha pamba. Mitambo ilinguruma mno, wanawake wakawa wanasemezana kwa midomo bila sauti, kila neno wanalivuta usoni. Lugha hiyo wakaja nayo nyumbani. Mambo ya wakubwa, nani ana mimba, nani kaweka rehani suti ya mumewe Jumatatu na ataikomboa Ijumaa, yalipita juu ya vichwa vyetu mezani kimya kimya. Mama hakujua kwamba nilipofika miaka 7 nilikuwa nasoma midomo yote. Mtaa mzima niliujua, nikanyamaza.

Mgao wa peremende uliisha Februari 1953. Nilikula hadi nikatapika, na kofi nikapata. Nyama ilisubiri Julai 1954. Vita viliisha 1945 jamani, na sisi ndio tulioshinda! Siagi tulipakiwa kwenye mkate, halafu ikakwanguliwa.

Mgogo wa Kongwa
Bibi, hiyo siagi yenu sisi tunaijua. Mradi wa karanga ambao serikali yenu ya Uingereza ilianzisha hapa kwetu 1947 ulikuwa wa kuwapatia ninyi mafuta. Babu yangu alikuwa turniboi wa trekta hapa Kongwa. Alisema udongo wakati wa kiangazi ulikuwa kama saruji, majembe yanakatika, mvua hakuna, na mwaka 1951 wakafunga virago. Hadi anakufa alikuwa anauliza: nchi yenye mfalme inakosaje mafuta ya kupikia?

Bibi wa Marangu
Mwambie babu, huko aliko, kwamba hata sisi tulikuwa tunauliza hivyo hivyo.

Mtoto wa Kisauni
Mimi niliwakuta baadaye, 1967, nikiwa na miaka 8, kutoka Mombasa hadi Leicester. Vita vilishasahaulika lakini nyumba zilikuwa zile zile, choo nje, moto chumba kimoja. Kilichonichanganya ni shilingi. Nyumbani shilingi ni senti 100, huku wakati ule ilikuwa peni 12, na paundi ilikuwa shilingi 20. Hesabu zikanipiga chenga mwaka mzima. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na mita ya gesi inayokula shilingi. Ikiisha, moto unazima hata kama ugali uko katikati. Nilijaribu kuitia shilingi ya Kenya niliyokuja nayo. Haikuingia, yetu ilikuwa kubwa kuliko yao. Baba alicheka sana kwa hilo.

Halafu maziwa ya shule. Chupa ndogo, theluthi ya painti, bure. Wakati wa baridi yanaganda hadi yanasukuma kifuniko, mwalimu anasogeza kreti karibu na joto, tunakunywa yakiwa vuguvugu. Serikali ilipoyafuta 1971 kwa waliozidi miaka 7, watu walimsema sana waziri wa elimu, Margaret Thatcher. Kimoyomoyo nilimshukuru.

Pilipili Manga
Samahanini, lakini umaskini gani huo wenye maziwa ya bure na daktari wa bure?

Bibi wa Marangu
Swali zuri, wala sikasiriki. Daktari wa bure alianza Julai 1948. Kaka yangu wa kwanza, ambaye sikumwona, alikufa kwa dondakoo kabla ya vita. Mama alichelewa kumwita daktari kwa sababu ya pesa. Mimi nilipougua kifua 1951 daktari alikuja mara tatu. Kila mara mama alimwekea sarafu pembeni ya meza, chini ya sahani, kwa mazoea. Kila mara daktari aliisukuma irudi. Mara ya tatu mama akakaa chini akalia, nami nikadhani nakufa.

Kea wa Bradford (mtoa mada)
Bibi, umeniliza niko zamu. Nimerudi na taarifa: mama wa mzee wangu naye alikuwa kiwandani. Leo nikasimama mlangoni, nikamsemesha kwa midomo tu: maji tayari. Alikaa kimya, akanikazia macho, halafu akaanza kujibu kwa midomo, maneno mengi, haraka haraka, huku akicheka. Sikuambulia hata moja. Naomba darasa.