Wakuu nimepangiwa Matamba, Makete. Huko kukoje?

BintiLindi

Habari zenu wakuu. Ajira za ualimu zimetoka na jina langu limo, nashukuru Mungu, ila kituo ni shule ya msingi huko Matamba, wilaya ya Makete mkoa wa Njombe. Mimi nimezaliwa Lindi, nimekulia Lindi, chuo nimesoma Mtwara, baridi kali naijua kwa kusimuliwa tu. Kila ninayemwambia hapa nyumbani ananipa pole kama vile nimefiwa. Mmoja anasema huko hakufikiki, mwingine anasema mvua zikianza ndo basi tena hutoki mpaka kiangazi. Nina mtoto wa miaka minne, ana pumu kidogo, na nataka niende naye, sitaki kumwacha kwa bibi yake. Naomba mwenye kupajua kweli aniambie, sio kwa kusikia: nafikaje, watu wa huko wakoje, wanaishi kwa shughuli gani, hospitali iko wapi, na hiyo baridi mtu wa pwani anaiweza au haiwezi. Asanteni.

FusoLaViazi

Dada karibu mlimani, usitishwe. Mimi nabeba viazi toka Matamba na Kikondo kushusha Dar miaka mingi sasa kwahiyo njia naijua. Njia inayotumika sana unashuka Chimala, ipo barabara kuu kati ya Makambako na Mbeya, ukitokea Mbeya ni kama kilomita 80 hivi. Hapo Chimala joto kabisa, ni bonde la Usangu, watu wanalima mpunga. Sasa toka Chimala ndo unaanza kupanda ukuta wa mlima, hiyo njia yenyewe jina lake Hamsini na Saba, maana ndo idadi ya kona zake, kona zile za kujikunja kabisa mpaka unaiona barabara uliyotoka iko chini ya miguu yako. Ukifika juu ukageuka nyuma unaliona bonde lote mpaka macho yanachoka, mashamba ya Mbarali yote.

Masika kunateleza, huo ni ukweli, na ukungu wa jioni ni mzito. Panda asubuhi. Kigari kikishajaza watu kupita kiasi usipande, subiri kingine, hata kama konda anakwambia ndo cha mwisho. Zile kona hazitaki gari lililozidiwa. Ila hakufikiki? Hapana, magari yanapanda na kushuka kila siku, la sivyo hizo chipsi za Dar zingetoka wapi.

Watu wa huko ni Wakinga, wachapakazi sana na biashara wanaijua, nusu ya maduka ya Kariakoo utawakuta wao.

Mwanji_wa_Juu

Fuso njia umeieleza vizuri, ila hapo kwa watu ngoja nisahihishe, maana sisi tunasahaulika kila siku. Matamba ni kwa Wawanji. Wakinga ni majirani zetu, wako zaidi upande wa kusini, Bulongwa, Tandala, Lupalilo, Iwawa huko. Tumeoana sana, tunasali pamoja, lakini Kiwanji na Kikinga ni lugha mbili, na mwalimu ni vizuri ajue hili kabla hajaingia darasani. Utakuta watoto wa darasa la kwanza hasa wa vitongoji vya mbali Kiswahili chao ndo kinaanzia shuleni, sio kwamba hawana akili, wape muda. Wewe jifunze salamu za Kiwanji wiki ya kwanza tu utaona wazazi watakavyokuchukua.

Kuhusu tunaishi kwa nini, jibu ni viazi. Viazi mviringo ndo shule, ndo bati, ndo harusi. Kuna ngano, njegere, pareto, wengine wamepanda miti ya mbao, na ng'ombe wa maziwa wapo, kule juu Kitulo serikali ina shamba lake kubwa la mifugo la siku nyingi. Lakini ukitaka kujua mwaka huu watoto watakuja na sare mpya ama la, angalia bei ya viazi. Na hapa niseme kitu kinachoniuma, lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi anakuja na gunia limeshonewa kichwa juu kama kofia, mkulima anajaza mpaka analia, analipwa gunia moja. Mkulima hana mizani, hana ghala, viazi vinaanza kuota, barabara inakaribia kuharibika na mvua, atafanyaje? Anauza. Mvua, baridi, udongo, vyote tunavyo, tunanyonywa kwenye gunia tu.

Halafu kuna sakitu. Miezi ya sita mpaka wa nane usiku majani yanaganda meupe, ikikuta viazi vimechanua inavichoma vyote kwa usiku mmoja, asubuhi jua likitoka unakuta shamba jeusi. Kwahiyo dada ukisikia mzazi hajalipa mchango wa chakula usikimbilie kumwona mkorofi, uliza kwanza shambani kwake kulikuwaje.

NesiMakete

Hongera mwalimu kwa ajira. Mimi ni nesi, nimefanya kazi wilaya hii muda mrefu, na nilikuja nikitokea Tanga kwahiyo wasiwasi wako naujua.

Baridi unaiweza. Wiki za kwanza utahema ukipanda kamlima kadogo, hiyo ni sababu ya mwinuko, mwili unazoea. Usinunue masweta mapya huko kwenu, njoo na moja tu la safarini, mitumba ya huku ndo ya baridi ya kweli, majaketi mazito, blanketi, gambuti za masika. La muhimu kuliko yote, na naomba hili ulisome mara mbili: USILALE NA JIKO LA MKAA CHUMBANI. Wageni wengi wanafanya hivyo, wanafunga madirisha, wanaweka jiko wapate joto, na hewa ile ya sumu haina harufu, unalala huamki. Tumepoteza watu kwa njia hiyo. Blanketi mbili, chupa ya maji ya moto miguuni, inatosha.

Mtoto wa pumu, nitakwambia ukweli. Baridi yenyewe inaweza kumchokoza, lakini mara nyingi naona kinachowasumbua zaidi ni moshi. Majiko ya huku ni ya kuni na watu wanaota moto humo humo jikoni na watoto. Wewe tafuta nyumba ambayo jiko limejitenga, pikia gesi ukiweza, na ukienda kutembelea majirani usikae naye jikoni muda mrefu. Kabla hujaondoka Lindi mwone daktari wake, akuandikie dawa ya kuvuta ya kutosha miezi kadhaa, na wewe mwenyewe ujue kuitumia.

Kwa dharura ukiwa Matamba wengi tunashuka Chimala, kuna hospitali ya misheni, halafu ikizidi ni rufaa Mbeya. Upande wa pili wa wilaya kuna Ikonda, hospitali ya wamisionari wa Consolata, watu wanatoka mikoa ya mbali kabisa kuja kutibiwa pale, ila toka Matamba sio jirani, unavuka uwanda mzima. Bulongwa pia ipo, ya Kilutheri, misheni ile ni ya tangu enzi za Wajerumani.

Kitu kingine ambacho watu wa pwani hawakifikirii. Malaria huku ni chache sana, mkoa wa Njombe ni kati ya mikoa yenye maambukizi ya chini kabisa nchini. Sasa ninyi mnatoka Lindi ambako ipo nyingi. Mtoto akipata homa wiki za mwanzo, mwambie mhudumu waziwazi "tumetoka Lindi juzi", apime malaria, maana mtu anaweza kudhani ni kifua tu cha baridi.

Na la mwisho, utakuta darasani kwako watoto wanaolelewa na bibi. Ukimwi uliipiga sana Makete, na Njombe hadi sasa ndo mkoa wenye kiwango kikubwa kuliko yote Tanzania Bara, utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima. Dawa zipo, watu wanaishi na wanalima na wanalea. Nakwambia hili ili usije ukauliza mtoto mbele ya wenzake "baba yako yuko wapi". Hilo swali huku linauma kuliko unavyodhani.

BintiLindi

Jamani asanteni sana, nesi hiyo ya malaria na ya mkaa nisingeijua kabisa Mungu akubariki. Mama yangu nimemsomea yote ameanza kutulia. Swali la nyongeza, nimeona picha mtandaoni uwanda umejaa maua mpaka unaishia mawinguni, wanasema ni Kitulo. Ndo hapo hapo? Na je naweza kuwapeleka wanafunzi wangu?

MpendaNdege

Ndo hapo hapo mwalimu, na umepangiwa mlangoni kabisa, ofisi za Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ziko Matamba. Naomba niandike kirefu kidogo maana hii sehemu naipenda kuliko hifadhi zote nilizowahi kukanyaga, na inaniumiza kwamba Watanzania wengi hawajui hata iko mkoa gani.

Kitulo ilitangazwa hifadhi 2005, ukubwa wake kilomita za mraba 412.9, na ni hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Sio tembo, sio simba, maua. Uwanda uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, udongo ni wa volkano, mvua ni nyingi, kwahiyo kuanzia Novemba mpaka Aprili nyasi zinachanua kwa zamu, wiki hii njano, baadae zambarau, baadae nyekundu. Kuna aina kama 350 za mimea iliyoorodheshwa na kati ya hizo 45 ni okidi zinazoota ardhini. Wenyeji wanaita Bustani ya Mungu. Mwingereza Frederick Elton alipita huku 1877 akitokea Ziwa Nyasa, ndo maana ramani za zamani zinauita uwanda wa Elton, lakini Wawanji walikuwa wanachunga hapa wakati yeye hata njia haijui.

Ndege ndo usiseme. Kuna tandawala wa Denham, ndege mkubwa anatembea nyasini kwa madaha, na mbayuwayu wa buluu anakuja kuzaliana msimu wa mvua, huyo ni adimu duniani. Mlima Mtorwi uko hapo, mita 2,961, unatembea juu ya nyasi tupu. Na kwenye msitu wa Livingstone ambao nao uko ndani ya hifadhi anaishi kipunji, nyani wa miti ambaye wanasayansi walimwona mara ya kwanza 2003 huko Rungwe na Livingstone, 2006 ikabidi wamfungulie jenasi yake mwenyewe, kitu ambacho kwa nyani wa Afrika kilikuwa hakijatokea tangu 1923. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua siku zote, hata hilo jina ni lao. Alipohesabiwa mara ya kwanza walipatikana kama 1,100 tu, dunia nzima.

Sasa wapeleke watoto, tena wapeleke Januari au Februari. Nenda ofisini uonane na askari wa hifadhi, uwaambie unataka kuleta darasa. Na uwaoneshe okidi, maana zinaisha. Mizizi yake ile ya mviringo inachimbwa, inasafirishwa kupitia Tunduma kwenda Zambia, kule wanaisaga na karanga wanapika chikanda, chakula wanachokipenda sana. Ukichimba ule mzizi umeua mmea mzima, hauoti tena. Zambia okidi zao zilipopungua ndo wanunuzi wakaja kwetu. Magunia na magunia. Mtoto anayekua Matamba ajue kwamba alichonacho nyuma ya nyumba yao watu wanapanda ndege kuja kukiona.

Mwanji_wa_Juu

MpendaNdege nakuunga mkono, ila kwenye chikanda niongeze upande wa kijijini. Kijana anayechimba sio kwamba hapendi maua. Anachimba ile miezi viazi bado havijakomaa, ndani hakuna hela, anakuja mtu na pesa taslimu mkononi. Ndani ya hifadhi kulisha ng'ombe hairuhusiwi, kukata kuni hairuhusiwi, na babu zetu walikuwa wanafanya hayo yote pale. Mimi hifadhi naitaka ibaki. Mito Chimala na Kimani inatoka kwenye milima hii, inashuka Usangu, inaingia Ruaha Mkuu, ndo maji ya mpunga wa Mbarali na umeme wa Mtera na Kidatu. Tunatunza maji ya nchi nzima halafu kwetu kiangazi akina mama bado wanatembea na ndoo. Watalii wale wanaokuja kupiga picha wangelala kwenye nyumba za wageni za Matamba, wakala viazi vyetu, wakaongozwa na vijana wetu, huyo mnunuzi wa chikanda angekosa wa kumchimbia.

Dada mwalimu, turudi kwenye safari yako. Fuso kakupeleka Chimala, ila ajira mpya unaripoti kwanza halmashauri, Makete mjini, ndo upewe barua ya kituo. Kwahiyo usizunguke Dar. Toka Lindi pita Masasi, Tunduru, Songea mpaka Njombe, ni lami tupu. Lala Njombe. Njombe mpaka Makete ni kama kilomita 107, nayo ishawekwa lami, mabasi yapo. Ukimaliza kuripoti, ulizia gari za Matamba jioni hiyo hiyo na uweke nafasi, zinaondoka asubuhi, zinapita juu uwandani na huko upepo ni mkali kuliko Matamba kwenyewe, mtoto mvalishe kofia na soksi nzito kabla hamjapanda gari. Vyombo vikubwa usibebe. Kitanda, godoro, meza, mafundi wa huku wanatengeneza na mbao ni bei chee. Beba vyeti, dawa za mtoto na jiko la gesi dogo, mtungi utajaza Chimala. Na ukishajua tarehe andika hapa hapa, dada yangu anauza duka pale senta, atakuulizia nyumba yenye jiko la nje.