MREJESHO: Godot 2.1 imekubali, jahazi linatembea

Wakuu, habari za jioni kutoka Tanga. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini Godot mpya (programu ya kutengenezea gemu) inagoma kufunguka kwenye laptop yangu ya mtumba, mkaniambia nirudi toleo la 2.1. Nimerudi, na imefunguka mara ya kwanza. Ni faili moja tu, unalibofya na kazi inaanza, hakuna kusakinisha.

Sababu ni ile ile mliyosema: toleo la 3.0, la Januari 2018, lilihamia OpenGL ES 3.0 (njia ambayo programu inaitumia kuiamuru kadi ya picha ichore), na kadi ya picha ya mashine yangu haifiki huko. La 2.1 linatosheka na ES 2.0.

Kilichonitesa siku tatu ni kingine. Gemu yangu ni ya jahazi linalovuka kutoka bandarini kwenda Kisiwa cha Toten. Tanga la jahazi limejaa upepo, mawimbi yanaonekana, lakini jahazi halisogei hata pikseli moja, na hakuna kosa lolote linaloandikwa. Kumbe nilikuwa nafuata mafunzo ya matoleo mapya! Kwenye 2.1, kuandika _process (kipande cha kodi kinachorudiwa kila picha ya gemu inapochorwa) peke yake hakutoshi. Lazima uiwashe mwenyewe kwa set_process(true) ndani ya _ready, sehemu inayoendeshwa mara moja mwanzoni. Na position, ya kuweka mahali kitu kilipo, hakuna; unatumia set_pos.

Nikaongeza mstari ule mmoja wa set_process, jahazi likang'oa nanga. Mdogo wangu alipiga kelele hadi jirani akauliza kuna nini.

Asanteni sana, kwa moyo wote. Sasa nahangaika na maji kupwa na kujaa.