Koti la mbwa wa lindo: turubai, parashuti au flisi?

Fundi_wa_Limuru
Hamjambo, ndugu. Mimi ni fundi cherehani hapa Limuru na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa sare za shule. Mwezi uliopita mteja mwenye kampuni ya ulinzi aliniomba nimshonee makoti ya mbwa kumi na wawili wanaokesha lindoni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, tena katika Julai hii ambapo ukungu hulala juu ya mashamba ya chai na kila kitu huamka kimelowa hata kama mvua haikunyesha. Nimeshona sampuli tatu na kuzijaribu kwa wiki mbili.

Ya kwanza ni turubai la pamba lililopakwa nta, lenye bitana ya blanketi. Seng'enge haikulichana, lakini baada ya usiku mmoja wa manyunyu blanketi lilikuwa limefyonza maji pembeni, na jioni iliyofuata lilikuwa bado bichi. Ya pili ni parashuti ya nailoni juu na flisi ndani, kile kitambaa laini chenye manyoya cha majaketi ya baridi. Ni nyepesi na hukauka upesi, ila walinzi wanalalamika kwamba mbwa akitembea koti hulia kama mfuko wa karatasi, na mwizi humsikia kabla mbwa hajamnusa. Ya tatu ni flisi tupu niliyoikata kutoka kwenye majaketi ya mitumba ya Gikomba. Bei yake ni ya chini kuliko zote na mbwa wanaipenda, lakini upepo hupenya na kila mbegu yenye vimiba huing'ang'ania.

Ninyi mngechagua ipi?

Mkufunzi_Nakuru
Fundi, shikamoo kwa kazi. Kabla ya kitambaa, naomba utueleze mkanda wa tumboni unapita wapi. Nimewavisha mbwa wa kazi makoti ya kila namna, na yale yaliyotupwa hayakutupwa kwa sababu ya kitambaa. Yalitupwa kwa sababu yalimchubua mbwa kwapani. Bega la mbwa halikushikwa na mfupa wa mtulinga kama letu, bali limeshikiliwa na misuli, hivyo kila hatua humfanya asukume bega mbele na kulirudisha nyuma. Mshono ukikaa juu ya njia hiyo, usiku mmoja unatosha kuondoa manyoya. Sogeza mkanda nyuma ya kiwiko kwa upana wa vidole vinne hivi, na kifuani ukate kwa kina kuliko unavyodhani inafaa.

Jambo jingine ambalo mafundi husahau ni kwamba dume hukojoa mbele zaidi kuliko jike. Kipande cha tumboni kikiwa kirefu, kufikia usiku wa pili hakuna mlinzi atakayekubali kukigusa.

Daktari_wa_Mifugo
Nakubaliana na Mkufunzi, lakini nina swali la msingi zaidi: je, mbwa wote kumi na wawili wanahitaji koti? German Shepherd ana manyoya ya tabaka mbili, na lile la ndani ndilo blanketi lake. Ukimbana kwa koti zito hewa iliyo kati ya manyoya hutoka, nawe umempunguzia joto badala ya kumwongezea. Doberman ana tabaka moja fupi, kwa hiyo huyo mvishe bila wasiwasi, pamoja na mbwa mzee na aliyekonda.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi, na njia yake kuu ya kujipoza ni kuhema. Akihema mdomo wazi akiwa amesimama tu, koti limezidi. Na kila asubuhi livuliwe, mbwa apapaswe mwili mzima. Chini ya kitambaa chenye unyevu ngozi huharibika, na kupe hujificha vizuri sana.

Mzee_wa_Kinangop
Wanangu, sisi huku tumevisha mbwa wa kondoo magunia tangu zamani na hawakufa. Mimi nasimama na turubai. Parashuti ikipita kwenye miiba mara tatu huwa nyavu. Hilo blanketi ndilo lenye kosa, si turubai.

Mswahili_Minnesota
Mzee amesema kweli kuhusu blanketi. Pamba na sufu hufyonza maji ndani ya uzi wenyewe, ilhali flisi ni poliesta, nyuzi zake hazinywi maji karibu kabisa, na ukilikung'uta koti sehemu kubwa ya unyevu hutoka. Ndiyo maana kitambaa hicho, kilichotengenezwa na Malden Mills kule Massachusetts mwaka 1979, kimeenea hivyo katika mavazi ya baridi.

Ila nawatahadharisha msinunue makoti ya huku Marekani kwa kudhani kwamba baridi ni baridi. Januari hapa ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, hewa ni kavu na theluji hupukutika kutoka mgongoni mwa mbwa kama unga. Kinachotusumbua zaidi ni chumvi ya barabarani inayounguza nyayo, ndipo tunapowavisha viatu. Baridi ya Limuru ni ya nyuzi kumi hivi, lakini imelowa. Ni matatizo mawili tofauti.

Na tafadhali, Fundi, usitumie velkro, ule utepe wa kunatana. Mswisi George de Mestral aliibuni baada ya kuona mbegu zilizonasa kwenye manyoya ya mbwa wake matembezini mwaka 1941, na hadi leo haijaacha asili yake: hukamata manyoya kwanza, koti baadaye. Tumia vile vifungo vya plastiki vya kubana, kama vya begi la shule.

Bint_Mombasa
Huku kwetu koti la kutia joto ni adhabu. Niliwahi kununua lile la kuloweshwa maji ili limpoze mbwa, nikajuta. Hupoza maji yanapokauka, na kwenye mvuke wa pwani hayakauki, mbwa akabaki amevaa taulo la moto. Dada yangu aliye Isiolo analisifu kila siku.

Fundi_wa_Limuru
Nawashukuru nyote. Nimeshona sampuli ya nne. Mgongoni na mabegani nimeweka turubai la nta bila blanketi, maana huko ndiko maji na seng'enge hufika, na kelele zimekwisha. Ndani ni flisi, imeshonwa ukingoni tu ili fundi yeyote aweze kuitoa na kuifua peke yake. Mkanda umerudi nyuma kwa vidole vinne, na kipande cha tumboni cha madume kinaishia mbavuni. Nimemshauri mteja apunguze oda hadi makoti matano, kwa Doberman wanne na mzee mmoja, na kwa hao German Shepherd akarabati mabanda yanayovuja. Hakufurahi sana, lakini amekubali.

Mkufunzi_Nakuru
Je, umeacha tundu shingoni la kupitishia kamba? Na vile vifungo, vinafunguka kwa mkono mmoja? Mbwa akinaswa kwenye ua usiku, mlinzi ana tochi katika mkono wa pili.

Fundi_wa_Limuru
Tundu lipo, nimelizungushia mshono mara mbili. Vifungo viko tumboni. Kesho nitavihamishia ubavuni, upande wa kushoto, kwa kuwa walinzi wote watano huwatembeza mbwa upande huo.