Ushauri: Naunda Ashuru kwenye gemu la mkakati, kila nikiigusa inaharibika

FundiRamani (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Mimi na mwenzangu tunatengeneza gemu la mkakati la kompyuta, la zamu kwa zamu. Linaanza mwaka 745 KK, Tiglath-Pileser III anapotwaa kiti cha enzi cha Ashuru, na linaishia 609 KK. Urartu, Elamu, Babeli, Misri na Yuda tumeshazimaliza. Imebaki Ashuru, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Nimeipa jeshi bora kuliko wote: wapiga mishale, magari ya farasi, magogo ya kubomolea kuta. Matokeo yake anayeichukua anameza ramani nzima mapema mno, wenzake wanakata tamaa. Nikiipunguza nguvu inakuwa nchi kama nyingine yoyote, imebaki jina tu. Halafu kuna suala la kuhamisha watu waliotekwa. Mwenzangu anataka tulitoe kabisa, anasema mateso ya watu si kitu cha kuchezea. Mimi roho inasita. Naombeni mawazo yenu.

MwanaVigae

Mkuu, nguvu za jeshi ziache kama zilivyo. Gusa kinacholilisha.

Jeshi lile lilihitaji farasi wengi mno, na wengi wao hawakuzaliwa Ninawi, mji mkubwa wa Ashuru. Walitoka milima ya Zagros na nchi za jirani, na orodha za Ninawi zinawataja hata farasi wa Kikushi, yaani wa kusini mwa Misri. Kwa hiyo kila nchi inayoshindwa, mchezaji aamue. Anaweza kumwacha mfalme wake kitini, ale kiapo na kuleta farasi na fedha kila mwaka. Au amwondoe, aweke liwali, nchi iwe jimbo. Kibaraka hana gharama ila anaasi. Jimbo linatii, lakini linadai askari, waandishi, barabara na vituo vya kubadilishia nyumbu wa matarishi. Mwenye pupa atajikuta na majimbo asiyoweza kuyalinda.

Jambo la pili ni kiti chenyewe, na hapo ndipo Ashuru ilipokuwa na donda. Sargon II aliuawa vitani huko Tabal (Uturuki ya leo) mwaka 705 KK, na maiti yake haikupatikana. Mfalme mkubwa kiasi kile akakosa kaburi! Mwanawe Sennacherib (yule Senakeribu wa kwenye Biblia) aliuacha Dur-Sharrukin, mji mpya wa baba yake, akahamishia makao Ninawi. Naye akauawa 681 KK na mwanawe wa kumzaa. Kisha mjukuu wake, mfalme Ashurbanipal, akapigana miaka minne, 652 hadi 648 KK, na ndugu yake aliyekuwa mfalme wa Babeli. Mfalme akifa, kila kibaraka apime upya kiapo chake. Utaona kasi inavyopungua yenyewe.

FundiRamani

Asante sana mkuu, hili la farasi sikuwa nimeliwaza kabisa. Ila si mchezaji atamficha tu mfalme ikulu asife?

MwanaVigae

Amfiche, lakini sifa ziende kwa aliyetoka na jeshi. Kabla kidogo ya gemu lako kuanza alikuwepo jemadari mkuu, Shamshi-ilu. Alichonga habari za ushindi wake dhidi ya Urartu kwenye simba wa mawe huko Til Barsip (Siria ya leo), na mfalme wake hakumtaja hata kwa jina. Mpe mchezaji jemadari wa namna hiyo, uone kama atalala.

ViribaVitatu

Mawili ya haraka. Wale wapanda farasi wa wawili wawili, mmoja ameshika hatamu za farasi wote wawili na mwenzake anapiga mishale, ni wa karne ya 9 KK. Kwako wewe kila mmoja ajitegemee. Na usisahau viriba. Michongo ya Ashurnasirpal II, mfalme wa Ashuru wa karne hiyo hiyo, inaonyesha askari wakivuka mto kwa kuelea juu ya viriba vya ngozi vilivyopulizwa. Mito isiwazuie kama inavyowazuia wengine.

BintiWaKalamu

Mimi nazungumzia kuhamisha watu, na nakuomba usikutoe. Msikufanye kuwe kitufe cha ukatili tu. Angalieni michongo ya Lakishi, mji wa Yuda ulioanguka 701 KK, ambayo leo iko British Museum. Familia zinatoka mjini kwa pamoja. Kuna mkokoteni wa ng'ombe uliojaa mizigo, na juu ya mizigo wameketi wanawake na watoto. Mchongaji wa mfalme mwenyewe ndiye aliyewaweka pale.

Maandishi ya Sargon II yanasema alichukua watu 27,290 kutoka Samaria. Kwenye gemu lenu namba hiyo isimezwe na hazina. Kila kundi libaki na asili yake, ufundi wake na lugha yake. Nchi lilikotoka ipungukiwe wakulima, kule liendako pajengwe. Na kadiri watu wanavyochanganywa, Kiaramu kienee mpaka kiingie serikalini. Kuna michongo ya waandishi wawili wakihesabu nyara bega kwa bega, mmoja na kalamu ya kuandikia kwenye kibao, kwa lugha ya Ashuru, mwingine na ngozi ya kukunja, kwa Kiaramu. Mchezaji akiona ofisi zake zimebadilika lugha, ataelewa amefanya nini.

MwanaVigae

Naunga mkono. Na kwa kuwa Lakishi imetajwa, kuzingira miji kuwe kwa taratibu. Pale walijenga tuta la mawe hadi kwenye ukuta, na tuta lipo mpaka leo. Wenyeji nao wakajaza tuta lao kwa ndani, ukuta ukibomoka adui akute kizuizi kingine. Kwenye mchongo, walio juu ya ukuta wanarusha mienge ili gari la gogo la kubomolea liungue, na ndani ya gari hilo yuko askari ameshika upawa mrefu anamwagia maji. Mpe mlinzi moto, mpe mshambuliaji maji. Na mji uweze kujikomboa kwa mali: Hezekia, mfalme wa Yuda, alitoa talanta 30 za dhahabu, Yerusalemu haikutekwa.

FundiRamani

Wakuu, mwenzangu nimemsomea habari ya mkokoteni. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema tubakishe, kwa masharti kwamba kila kundi liandikwe jina la mji lilikotoka na mchezaji asiweze kulifuta. Nimekubali. Usiku huu tunaanza na farasi wa Zagros, viriba vinafuata. Askari wa upawa nimeanza kumchora mwenyewe, nikimaliza nitamweka hapa mumkosoe.