Tupeane uzoefu: makato yaliyojificha unaponunua fedha za kigeni mtandaoni kwa kadi ya benki

Mwanzisha Uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa jambo moja. Mtu ananunua dola, yuro au pauni kwenye tovuti na kulipa kwa kadi. Tovuti imeandika kwa herufi kubwa "hakuna kamisheni", lakini taarifa ya benki inapokuja, kiasi kilichotoka ni kikubwa kuliko alichokubali. Naomba tuweke pembeni malalamiko, tulete kile kitakachomfaa anayetaka kuweka oda usiku huu: makato yanaitwaje, yanahesabiwaje na yanazuiliwa wapi.

Naanza na jambo ambalo wengi hulikosea. Tovuti ikisema haikutozi kitu kwa kutumia kadi, mara nyingi inasema kweli. Anayekata ni benki iliyokupa kadi. Muuzaji hayaoni makato hayo, kwa hiyo hayawezi kutokea kwenye ukurasa wa malipo, kwenye risiti ya barua pepe, wala kwenye ujumbe wa simu unaokuletea namba ya kuthibitisha. Ukimlalamikia muuzaji unapoteza muda. Maswali yote ya makato ya kadi yanaenda benki, na yaende kabla ya kulipa.

Fundi Malipo

Nieleze kinachotokea nyuma ya pazia, maana ukikijua hiki mengine yanafuata.

Kila mfanyabiashara anayepokea kadi amepewa namba ya tarakimu 4 inayoonyesha aina ya biashara yake. Duka la vyakula lina yake, hoteli ina yake. Wauzaji wa fedha za kigeni wasio benki husajiliwa kwa 6051, namba wanayoitumia pia wauzaji wa hundi za wasafiri na sarafu za kidijitali. Benki na taasisi za fedha hutumia 6012 au 6010, watuma fedha 4829, na kadi za kujazwa fedha 6540. Mashine ya kutolea fedha ni 6011.

Muamala ukifika benki kwako, mfumo hausomi ulichonunua, unasoma namba. Ikikuta 6051, benki nyingi hulichukulia tendo hilo kama umetoa fedha taslimu, hata kama umebofya tu ukiwa umekaa nyumbani. Hoja yao ni kwamba noti za kigeni ni fedha, kwa hiyo umekopa fedha, hukununua bidhaa. Kwenye kadi ya mkopo matokeo yake ni manne kwa mpigo:

- tozo ya kutoa fedha taslimu, ambayo ni asilimia fulani yenye kiwango cha chini kisichopungua;
- riba inayoanza siku ileile, bila zile siku zisizo na riba unazozipata ukinunua bidhaa;
- riba hiyo mara nyingi ni ya juu kuliko ya manunuzi ya kawaida;
- kutopata pointi wala marejesho yoyote ya matumizi.

Kuna kosa jingine linalotokana na hilohilo. Kadi ya mkopo ina vikomo viwili, cha manunuzi na cha fedha taslimu, na cha pili ni kidogo. Ndiyo maana kadi yenye nafasi kubwa inaweza kukataliwa kwenye tovuti ya fedha za kigeni. Ikikataliwa usijaribu mara tatu mfululizo, kwa sababu mfumo wa kuzuia wizi unaweza kuifunga kadi nzima. Piga simu uulize kikomo cha fedha taslimu kimebaki kiasi gani.

Senti kwa Senti

Nakazia hapo kwa hesabu. Asilimia peke yake haimwonyeshi mtu ukubwa wa jambo.

Tuseme masharti ya kadi yanasema hivi: tozo ya fedha taslimu 3%, isipungue kiasi cha 5 (si asilimia), na riba 30% kwa mwaka. Hii ni mifano ya kuhesabia, weka za kadi yako. Umenunua fedha za kigeni za 1,000.

Tozo: 30. Deni sasa ni 1,030.
Riba ya siku moja: 1,030 × 0.30 ÷ 365 = karibu 0.85.
Ukilipa baada ya siku 25: karibu 21.
Jumla ya makato ya kadi: 51.

Hapo hatujagusa faida ya muuzaji iliyo ndani ya kiwango cha kubadilishia.

Sasa angalia kile kiwango cha chini. Ukinunua za 100, 3% ni 3, lakini kiwango cha chini ni 5, kwa hiyo umekatwa 5%. Ukinunua za 50 umekatwa 10%. Wanaogawanya oda vipande vipande ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu kila kipande kinabeba tozo yake. Kama lazima ulipe kwa kadi ya namna hii, weka oda moja.

Mgeni Uwanjani

Wadau, swali. Ukilipa deni lote siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye taarifa, riba si inafutwa?

Senti kwa Senti

Hapana ndugu, na ni vizuri umeuliza. Kufutwa kwa riba ukilipa deni lote ni kwa manunuzi ya kawaida. Hii ya fedha taslimu huhesabiwa kila siku tangu muamala uingie mpaka siku malipo yako yanapoandikwa kwenye akaunti.

Kuna na mkia wake. Taarifa imetolewa tarehe 30, wewe umelipa siku 20 baadaye. Riba ya zile siku 20 haikuwemo kwenye taarifa uliyoilipa, itatokea kwenye inayofuata: 0.85 × 20 = 17. Mtu anaona riba kwenye kadi aliyoilipa yote mwezi uliopita, anadhani benki imekosea. Benki haijakosea. Ukitaka kuukata mkia, usisubiri taarifa. Lipa mara tu muamala unapoandikwa, pamoja na ile tozo, na uhesabu kwamba malipo yenyewe yanaweza kuchukua siku moja mpaka tatu kuingia.

Kama kadi ina deni jingine la manunuzi, uliza malipo yako yanaanza kufuta deni lipi. Marekani, sheria ya kadi za mkopo ya 2009 inataka kinachozidi malipo ya chini ya lazima ya mwezi kiende kwanza kwenye deni lenye riba kubwa. Yale malipo ya chini yenyewe benki inaweza kuyapeleka kwenye deni la riba ndogo. Kwa hiyo anayelipa kiwango cha chini tu anaweza kuliacha deni la fedha taslimu likikua pale pale.

Kaunta ya Noti

Mmegusa kadi, niongeze upande wa muuzaji, maana "hakuna kamisheni" maana yake ni kwamba malipo yamo ndani ya bei.

Tafuta kwanza kiwango cha kati cha soko, yaani katikati ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Kisha piga hesabu. Mfano: sokoni yuro 1 ni dola 1.10, na tovuti inakuuzia kwa 1.15. Tofauti ni 0.05, gawa kwa 1.10, unapata karibu 4.5%. Kwa dola 1,000 ungetarajia yuro 909.09, lakini unapata 869.57. Karibu yuro 39.5 zimebaki dukani, na hakuna mstari wowote ulioandikwa "tozo".

Linganisha tovuti kwa njia moja tu: jumla itakayotoka kwenye akaunti yako, gawa kwa noti zitakazofika mkononi. Weka humo gharama ya kuletewa nyumbani, tozo ya oda ndogo, na makato ya kadi. Tovuti yenye kiwango kizuri na gharama ya kuletewa hushindwa kwenye oda ndogo na kushinda kwenye oda kubwa, kwa hiyo usikariri kwamba fulani ni nafuu. Piga hesabu kwa kiasi chako.

Kufuta oda ndiko kunakouma zaidi. Wauzaji wengi hawakurudishii ulicholipa, wananunua tena fedha ileile kwa bei yao ya kununulia. Kwa mfano uleule, wakinunua kwa 1.05, zile yuro 869.57 zinakurudishia dola 913.04. Umepoteza karibu 87 kwa fedha ambayo hukuishika. Na tozo ya benki kwa kawaida hairudi, kwa sababu kwa hesabu zao muamala wa kwanza ulifanyika. Soma sharti la kufuta kabla ya kubofya.

Msoma Taarifa

Naomba kuwatetea wenye kadi ya debiti, yaani ile inayokata salio lako mwenyewe, wameambiwa mno kwamba wako salama. Wako salama na riba, kama salio lipo. Tozo ni jambo lingine: zipo benki zinazotoza muamala wa 6051 kwa kadi ya debiti kama zinavyotoza kutoa fedha kwenye mashine isiyo yao. Fungua kitabu cha masharti au orodha ya ada, tafuta "fedha taslimu" na "fedha za kigeni". Angalia tafsiri ya maneno mwanzoni mwa masharti, huko ndiko benki huandika kwamba fedha taslimu ni pamoja na kununua fedha za kigeni, hundi za wasafiri, kamari na kutuma fedha. Kwenye jedwali la ada utakuta tu "muamala wa fedha taslimu", nawe utapita ukidhani haukuhusu.

Kato la pili ni la nje ya nchi. Tovuti inaweza kuwa na lugha yako na bei ya fedha yako, lakini muuzaji amesajiliwa nchi nyingine. Benki nyingine hutoza ada ya muamala wa kigeni kwa kuangalia nchi ya muuzaji, hata kama hakuna fedha iliyobadilishwa. Ada hiyo kwa kadi nyingi ni kati ya 1% na 3%. Dalili: chini ya tovuti anwani ya kampuni ni ya nje, au jina la mji kwenye mstari wa taarifa si la nchi yako.

Fundi Malipo

Hapo kwenye nchi ya muuzaji pana mtego pacha wake. Ukurasa wa malipo unakuuliza: ulipe kwa fedha ya muuzaji au kwa fedha ya kadi yako? Ukichagua ya kadi yako, anayebadilisha ni kampuni ya malipo ya upande wa muuzaji, kwa kiwango chake na faida yake juu. Ukichagua ya muuzaji, inabadilishwa kwa kiwango cha mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, halafu benki yako inaongeza ada yake kama ipo. Mara nyingi sana njia ya pili ni nafuu. Visa na Mastercard wanaweka viwango vyao vya kila siku kwenye tovuti zao, pamoja na kikokotoo, kwa hiyo huna haja ya kukisia. Umoja wa Ulaya, tangu Aprili 2020, unamtaka anayetoa huduma hii aonyeshe asilimia aliyozidisha juu ya kiwango cha rejea cha Benki Kuu ya Ulaya. Isome hiyo asilimia kabla ya kukubali.

Kwenye pochi za mtandaoni uchaguzi huu huwa umeshafanywa kwa niaba yako. Ingia kwenye mipangilio ya kadi uliyoiunganisha, tafuta sehemu ya ubadilishaji wa fedha, uweke benki yako ndiyo ibadilishe.

Kumbuka pia kwamba kiwango kinachotumika mara nyingi ni cha siku muamala unapochakatwa, na hiyo inaweza kuwa siku moja au mbili baada ya kulipa. Tofauti ndogo kati ya kiasi benki ilichozuia ulipolipa na kilichokatwa mwishoni mara nyingi inatoka hapo.

Mgeni Uwanjani

Na mtu akiweka fedha zake mwenyewe kwenye kadi ya mkopo kwanza, salio liwe juu ya sifuri?

Senti kwa Senti

Riba itakosa deni la kuishika, kwa hiyo hapo umeokoa. Tozo ya asilimia itabaki, kwa sababu inafuata aina ya muamala, haiangalii salio. Na baadhi ya benki hazikubali kadi ya mkopo iwekwe fedha za ziada. Kama una fedha mkononi, uhamisho wa benki kwenda kwa muuzaji ni njia safi zaidi, maana haupiti kwenye mfumo wa kadi kabisa. Angalia tu ada ya uhamisho wenyewe, na hakikisha jina la akaunti unayolipa ni la kampuni iliyo na leseni.

Msoma Taarifa

Maswali ya kuuliza benki, yasome kama yalivyo:

1. Nikilipa kwa kadi hii kwa muuzaji wa fedha za kigeni mwenye namba 6051, mtauchukulia kama manunuzi au kama fedha taslimu?
2. Tozo ni asilimia ngapi, na kiwango cha chini ni kiasi gani?
3. Riba inaanza lini, na ni kiasi gani kwa mwaka?
4. Muuzaji akiwa nje ya nchi lakini analipwa kwa fedha yetu, kuna ada?

Uliza kwa ujumbe ndani ya programu ya benki au kwa barua pepe, usipige simu. Ukijibiwa "ni manunuzi ya kawaida" halafu ukakatwa, una maandishi. Unapodai, taja tarehe, kiasi, jina la muuzaji kama lilivyo kwenye taarifa, na uambatanishe jibu lao. Omba virudishwe vitu viwili, vyote kwa majina: tozo, na riba iliyozaliwa na muamala huo. Ukiomba tozo peke yake watarudisha tozo peke yake.